Kompyuta Moja, Watumishi Wengi: Adabu za Kushirikiana Wodini

Katika wodi nyingi za hospitali nchini Tanzania, kompyuta moja hutumiwa na watu wengi. Asubuhi huikalia daktari anayepitia wagonjwa, kisha muuguzi anayeingiza dawa zilizotolewa, na usiku hubaki mikononi mwa aliye zamu. Faili la karatasi lilishikwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Katika mifumo ya kielektroniki kama GoTHOMIS, taarifa za wodi nzima hukaa nyuma ya kioo kimoja, na kila kinachoandikwa huhesabiwa kuwa ni cha yule aliyeufungua mfumo.

Hapo ndipo hatari ilipo. Chukulia kwamba daktari ameitwa kwenye dharura, akaacha wazi ukurasa wa mgonjwa wa kitanda cha 4. Muuguzi anakuja na majibu ya maabara ya mgonjwa wa kitanda cha 7, ambaye hemoglobini yake imeshuka hadi gramu 5 kwa desilita. Kwa haraka anayaandika kwenye ukurasa alioukuta. Mgonjwa wa kitanda cha 7 sasa anaonekana hana majibu, na wa kitanda cha 4 anaweza kuandikiwa damu asiyoihitaji. Kumbukumbu za mfumo zitamtaja daktari, ambaye wakati huo hakuwapo.

Kwa hiyo anayeondoka hutoka kwenye mfumo, hata kama anakwenda dakika mbili tu. Naye anayeketi husoma kwanza jina na namba ya mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuuliza kama jina lililo kwenye kioo ni lake. Swali hilo si utovu wa adabu, na mhudumu asilichukie.

Kuazimana nenosiri mara nyingi hutokana na huruma: mtumishi mpya hajafunguliwa akaunti, na foleni inangoja. Lawama hapo ni ya uongozi uliochelewa kuliko ya wahudumu. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na aliyeazima nenosiri hawezi kuthibitisha nani alisoma nini.

Uchambuzi mkubwa wa takwimu za utafiti usifanyiwe kwenye kompyuta ya wodi kabisa, kwa kuwa huielemea hadi majibu ya dharura yachelewe kufunguka. Kwenye kompyuta ya idara, kazi hiyo ianzishwe jioni, na karatasi ibandikwe yenye jina la mhusika, namba yake ya simu na saa kazi itakapomalizika, ili mwenzake asiizime mashine bila kujua.

Tena, kibodi huguswa na mikono ya wote, na vimelea kama Staphylococcus aureus huweza kuishi juu yake. Glovu zivuliwe na mikono itakaswe kabla ya kuigusa, na mara nyingine tena kabla ya kurudi kitandani kwa mgonjwa.