Kutafakari: Dawa ya Moyo Unaokimbia

SOMO LA MWEZI
Someni: Mwanzo 24:62-67, 1 Wafalme 19:1-8, Zaburi 77



Wengi wetu tulivuka mpaka wa Mpondwe na miguu ikapumzika, lakini moyo haujaacha kukimbia. Mwili umelala mkekani hapa Bwesumbu. Mawazo yako Beni, au yako Kasindi ile Jumapili ya 15 Januari 2023, bomu lilipolipuka kanisani watu wakiwa katika ibada. Hata upande huu hatukuona salama kamili, maana mwezi wa Juni mwaka huohuo wanafunzi waliuawa usiku katika shule ya Lhubiriha, Mpondwe. Kwa hiyo mbwa akibweka usiku wa manane, nyumba nzima inaamka.

Hapa sisi watumishi tunalo la kutubu. Mama mmoja alitujia akasema hapati usingizi. Tukamwambia imani yake ni haba, aongeze kufunga na kuomba. Alifunga, akarudi amekonda, na usingizi bado hana. Tulimwongezea mzigo juu ya mzigo. Tulikuwa tumesahau habari za Eliya, aliyekimbia kama sisi hata akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa chakula mara ya pili. Mahubiri hayakutangulia.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Wengine wakisikia "kutafakari" hudhani ni kukaa kimya na kufukuza kila wazo kichwani. Jaribu uone: ukilifukuza wazo la vita, linarudi na wenzake saba. Neno la Kiebrania katika Zaburi 1:2 na Yoshua 1:8 ni kunena kwa sauti ya chini, kunong'ona. Isaya 31:4 analitumia kwa simba anayenguruma juu ya windo lake, na 38:14 kwa hua anayelia. Basi kutafakari kwa Biblia kuna mdomo ndani yake. Ni kama mbuzi anavyocheua: jani ni lilelile, analirudia polepole mpaka limpe nguvu.

Tumeulizwa pia, je, huku si kuingiza dini ya Mashariki? Ni kweli Wabuda wanayo mazoezi yao ya kale, na waganga wa akili wa siku hizi wamejifunza mengine kutoka kwao. Lakini Isaka alitoka kondeni jioni kutafakari, naye alikuwa mtu mwenye msiba, bado hajafarijika kwa kufiwa na mama yake. Na watawa Wakristo wa jangwa la Misri, tangu karne ya 4, walirudia sala fupi mchana kutwa huku wakisuka vikapu. Tofauti iko katika yule tunayemwelekea. Kuhesabu pumzi si kuabudu; pumzi tulipewa na Mungu (Mwanzo 2:7).

Na msidhani ni mambo ya wenye nafasi tu. Hapahapa Uganda, katika kambi ya Rhino Camp, West Nile, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini karibu 700 walishiriki katika uchunguzi ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Baadhi yao walifundishwa kwa vikundi, majuma matano, saa mbili kila mara, mafundisho ya Shirika la Afya Duniani yaliyorekodiwa kwa sauti: kuyatambua mawazo mazito bila kupigana nayo, kisha kuurudisha moyo mahali ulipo sasa. Baada ya miezi mitatu mateso yao ya moyo yalikuwa yamepungua kuliko ya wale wasiofundishwa. Hawakurudishiwa nyumba wala waume. Walipata nafasi ya kupumua.

Sisi katika kundi letu tunafanya hivi, jioni baada ya chakula. Kaa, nyayo zikanyage chini. Macho yawe wazi, maana kuna ambao wakifumba wanaona damu. Vuta pumzi taratibu, uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta; mapigo ya moyo hupungua. Sikiliza kilichopo: mvua juu ya mabati, mtoto anayekohoa. Kisha chukua maneno machache ya Zaburi moja, uyanong'one kila unapotoa pumzi. Kumbukumbu mbaya ikija, na itakuja, usijilaumu. Mwambie Bwana, "Nimekumbuka Kasindi tena," halafu rudi kwenye neno lako. Mwandishi wa Zaburi 77 alifanya hivyo, naye alikuwa hawezi kulala. Dakika tano zinatosha kuanza. Siku za kwanza utaona kama huna unalofanya.

Mtu akikaa majuma bila usingizi, au akisema heri afe, asiachwe na zoezi hili peke yake. Asindikizwe kituo cha afya, na mmoja wetu aende naye.

Ya kuzungumza nyumbani: Kwa nini Eliya alipewa chakula kabla ya neno? Ni maneno gani ya Zaburi ambayo hata mtoto wenu mdogo anaweza kuyashika? Na yule mama tuliyemwambia afunge, ninyi mngemwambia nini?