Nukushi, Foleni na Laini ya Simu

Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara uliundwa kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha, na mji wa Babati ukawa makao makuu yake. Ofisi za makao makuu hupeleka na kupokea barua nyingi: kwenda Mbulu, Katesh, Kibaya na Orkesumet, na kwenda wizarani. Miaka hiyo, nakala ya barua yenye sahihi na muhuri iliweza kufika mbali kwa dakika chache kwa njia ya nukushi. Leo barua pepe imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Hata hivyo, swali lililozikabili ofisi zenye shughuli nyingi lingali na mafunzo: je, watumishi wengi wawezaje kutumia laini chache za simu?

Nukushi hufanyaje kazi?

Mashine husoma karatasi mstari kwa mstari. Kila mstari hugawanywa katika nukta 1728, na kila nukta huhesabiwa kuwa nyeupe au nyeusi, yaani biti moja. Kwa kipimo cha kawaida kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1980, husomwa mistari 3.85 katika kila milimita. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Basi ukurasa mmoja una mistari 1143 hivi, na biti zake ni:

1728 × 1143 = 1,975,104

Kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde, ukurasa huo ungechukua sekunde 206. Lakini sehemu kubwa ya barua ni nyeupe. Badala ya kutuma kila nukta ya mstari mtupu, mashine hutuma alama fupi yenye maana ya “nyeupe 1728”. Tuseme biti zimepungua hadi sehemu moja ya nane. Ukurasa utapita kwa sekunde 26.

Kabla ya kutuma, mashine hupatana kwa sauti. Inayopiga hutoa mlio wa hezi 1100. Inayopokea hujibu kwa mlio wa hezi 2100. Kisha hukubaliana mwendo. Kila ukurasa ukiisha, mpokeaji huthibitisha kuwa umefika.

Kazi ya seva

Seva ya nukushi ni kompyuta isiyozimwa, yenye modemu iliyoungwa kwenye laini ya simu, na iliyounganishwa kwa nyaya na kompyuta nyingine za ofisi. Ipo programu ya bure ya kazi hii, iitwayo HylaFAX, iliyoanzishwa na Sam Leffler. Mtumishi hutuma barua yake kwenye seva, kisha huendelea na kazi. Seva huiweka katika foleni, hupiga namba, na laini ikiwa imeshikwa hurudia baadaye. Barua zinazoingia huhifadhiwa kama picha na kupelekwa masijala; hivyo barua ya siri hailali wazi juu ya mashine.

Seva haiongezi laini

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Tuchukue ofisi ya kubuni mjini Babati inayotuma barua 24 kwa saa, kila moja ya kurasa tatu. Kurasa huchukua sekunde 78. Tukiongeza sekunde 42 za kupiga namba na kupatana, kila barua ni dakika 2. Laini itashikwa dakika 48 katika kila 60. Basi mtu wa nje apigaye wakati wowote ana uwezekano wa 48/60, yaani 0.8, wa kukuta laini imeshikwa. Seva imewaondoa watumishi katika foleni, lakini mtu wa Kibaya bado hapati laini.

Dawa ni mbili. Ya kwanza haina gharama: barua 12 zisizo za haraka zingoje hadi jioni. Laini itashikwa dakika 24 tu, na uwezekano utashuka hadi 0.4. Ya pili ni kuongeza laini. Mwanahisabati wa Denmark, A. K. Erlang, alichapisha mwaka 1917 kanuni za foleni za simu. Kwa kanuni zake, ikiwa barua huja bila mpangilio na muda wake hutofautiana, laini mbili zikitumiwa kwa pamoja kwa barua zile 24, uwezekano wa zote kushikwa ni karibu 0.23. Laini imeongezwa maradufu, lakini kero imepungua zaidi ya mara tatu.

Tahadhari

Radi huweza kupita katika waya wa simu na kuunguza modemu. Kinga iwekwe kwenye laini kama inavyowekwa kwenye umeme. Aidha, uthibitisho wa mashine huonyesha kuwa ukurasa umepokewa, si kwamba mhusika ameusoma.

Mazoezi

1. Kwa kipimo cha mistari 7.7 kwa milimita, ukurasa utachukua sekunde ngapi, ikiwa biti hupunguzwa kwa kiasi kile kile?

2. Shule ina mashine moja ya kuchapa na walimu 30. Pimeni kwa saa moja ni dakika ngapi mashine hiyo imeshikwa, kisha pendekezeni: je, yafaa kununua ya pili, au kupanga upya saa za kuchapa?