KIKOMBE KIMOJA TU CHA ULANZI?

Kijana mwenzangu, ukipita vijiji vya Iringa wakati wa mvua utawaona wagema wakikata ncha za machipukizi ya mianzi ili kukinga utomvu. Asubuhi ulanzi ule ni mtamu, hata mtoto ataupenda. Uache mpaka jioni, uache mpaka kesho: umekuwa mkali, unapiga kichwa. Nani kauongezea kitu? Hakuna! Umechacha wenyewe, kimyakimya. Na ulevi hukua ndani ya mtu vivyo hivyo.

Rafiki, hakuna aliyeamka siku moja akaamua kuwa mlevi. Unaanza Jumamosi na wenzako kilabuni, iwe Mwanjelwa au Mafinga. Kopo moja la komoni, mnachanga, mnacheka. Miezi inapita, kopo moja halikutoshi tena, unataka matatu. Wenzako wanakusifu: "Jamaa huyu kichwa kigumu!" Jihadhari na sifa hiyo! Pombe huupoza ubongo, na ubongo unaopozwa kila siku hujikaza upande wa pili ili ubaki macho. Ndiyo maana kipimo kinapanda.

Halafu unaanza kunywa peke yako. Unaficha chupa. Usiku wa jana huukumbuki, unasimuliwa na watu. Hela ya mbolea imekwenda, ada ya mdogo wako imekwenda. Mama akiuliza unang'aka: "Mimi naweza kuacha hata leo!" Sasa mbona huachi?

Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba, ile iliyofichika mfukoni hata mwa mwanafunzi. Lilikuwa jambo jema. Lakini je, kiu nayo ilipigwa marufuku?

Sikiliza jambo hili. Siku utakapoamka mikono inatetemeka, jasho linatoka, na huwezi kushika kikombe cha chai mpaka "uzimue" kwanza, ujue umefika mbali. Ule ubongo uliojikaza umekosa pombe ya kuupoza, nao unawaka. Sasa hunywi ili ufurahi, unakunywa ili usitetemeke. Mithali sura ya 23 inamchora mtu huyo: anapigwa, hasikii, na akizinduka anaitafuta tena.

Labda leo, hapa uwanjani, umeamua kuimwaga. Vizuri sana! Lakini kama umefikia hatua ya kuzimua, usijifungie chumbani uache ghafla peke yako. Katika siku mbili za kwanza mtu anaweza kupata degedege; kufikia siku ya pili au ya tatu wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwepo, na wapo wanaokufa. Ndugu zake husema amerogwa. Hakurogwa. Nenda Hospitali ya Rufaa Mbeya au ile ya mkoa Iringa, au hospitali iliyo jirani yako. Mwambie daktari ukweli: unakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Zipo dawa za kutuliza mtetemeko huo, na vitamini ya kuulinda ubongo. Omba, na uende. Mchukue na mtu wa kukusindikiza, leo hii, kabla mikono haijaanza kutetemeka.