Kabla hujamuuzia mteja waksi, muulize kwanza: rangi ya gari lako inang'aa?

Leo nawapa somo ambalo mimi nililipia. Kama unauza shampuu za gari, waksi, polishi au vitambaa mtandaoni, soma mpaka mwisho. Unauza vitu vingine? Soma pia, kosa langu linaweza kukupata na wewe.

Mwaka jana kaka mmoja alikuja inboksi: "Dogo, una waksi nzuri?" Nikamjibu ninayo, 25,000, bodaboda juu yako. Akalipa palepale, mzigo ukaenda. Sikumuuliza swali hata moja, nilifurahia tu hela imeingia.

Kesho yake akanitumia picha. Boneti ina mabaka yanayong'aa, utadhani mtu kamwagia mafuta ya kula. Kumbe gari lake lina rangi ya mati, ile isiyong'aa. Na alivyoona mabaka akachukua polishi akazidi kusugua. Kila akisugua, ndiyo linazidi kung'aa.

Nikaenda kwa fundi rangi anifundishe. Akanieleza hivi: rangi ya kawaida juu yake ina klia iliyolala laini kama kioo, mwanga ukipiga unarudi, ndiyo maana inang'aa. Klia ya mati ina vilima na mabonde madogo sana, kwa macho huyaoni. Mwanga ukipiga unatawanyika, ndiyo maana rangi inaonekana imepoa. Ukipaka waksi, unajaza mabonde. Ukisugua na polishi, unasaga vilima. Waksi ikiwahiwa inaweza kutoka, lakini kilichosagwa hakirudi. Hapo ni kupiga rangi boneti nzima, maana ukipiga kipande tu, kiraka kitaonekana.

Nilimrudishia hela yake na nikachangia nusu ya gharama za fundi. Faida ya mwezi ule iliishia pale.

Sasa haya ndiyo ninayowaambia wateja wenye gari la mati. Yachukue uyatumie:

1. Oshea kivulini, gari likiwa limepoa. Juani sabuni inakauka haraka na kuacha alama.

2. Tumia shampuu ya gari isiyo kali na isiyo na waksi ndani. Soma chupa! Ikiandikwa inaongeza mng'ao, hiyo siyo yake. Sabuni ya unga na ya vyombo aachane nazo.

3. Amwagie maji kwanza vumbi na mchanga vitoke, ndiyo aguse na kitambaa. Awe na ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa kiwe maikrofaiba, tena kisafi.

4. Kukausha ni kugandamiza kitambaa taratibu, siyo kusugua. Na asipeleke gari kwenye mashine za brashi zinazozunguka.

5. Kinyesi cha ndege, wadudu na petroli iliyomwagika visilale hapo. Aloweshe kwa maji na shampuu, asubiri vilainike, afute polepole. Akikwangua kwa kucha, kaharibu.

6. Akitaka kinga, zipo dawa zilizoandikwa kabisa kwamba ni za rangi ya mati. Ajaribu kwanza sehemu ndogo iliyojificha.

Mwenye stika ya mati naye afuate hayohayo, ila mashine ya maji ya presha asiilenge kwenye kingo za stika, itabanduka.

Na akikuuliza dawa ya kuondoa mikwaruzo kwenye mati, mwambie ukweli: nyingi zinafanya kazi kwa kusaga, kwa hiyo hazimfai. Usimuuzie. Najua inauma kuiacha hela, lakini mimi nimeshaonja uchungu wa kuichukua.

Tukirudi kwenye biashara. Siku hizi mtu akiomba waksi au polishi namuuliza vitu vitatu kabla sijampa bei: rangi inang'aa au ni mati? Ni rangi au stika? Nitumie picha niione. Haichukui hata dakika mbili. Na chini ya kila picha ya waksi nimeandika kwa herufi kubwa: HAIFAI KWA RANGI YA MATI.

Mwanzoni niliogopa maswali yatafukuza wateja. Nilichokiona ni tofauti. Mtu ukimuuliza anajua unaijua bidhaa yako. Wa mati simkosi, namfungia seti yake: shampuu isiyo na waksi, maikrofaiba tatu na ndoo mbili. Hela inazidi ile ya waksi moja.

Yule kaka? Boneti ilipopigwa rangi alinunua seti kwangu, na ameniletea wenzake wawili. Alisema alirudi kwa sababu sikuzima simu.

Kwa hiyo leo pitia bidhaa zako zote. Ipi ukimuuzia mtu asiye sahihi inamharibia? Iandikie swali lake, na uulize kabla hujapokea hela.