Siku Nzima Barazani: Kukusanya Hadithi St. Helena, South Carolina

Msafiri wa Kusini mwa Marekani wakati wa joto hutamani kupita miji mitano kwa siku. Kama unatafuta hadithi, chagua mahali pamoja na upakalie kutwa. Mimi ningekupeleka St. Helena, kisiwa cha pwani ya South Carolina, jirani na mji wa Beaufort. Daraja lipo, boti huihitaji, na wenyeji wengi ni Wagullah, kizazi cha Waafrika walioletwa kwa nguvu kulima mpunga, nili na pamba.

Fika saa mbili asubuhi. Mwezi wa Julai, ikipiga saa saba mchana, joto huwa limepita nyuzi 32, jasho halikauki, na hakuna mwenye hamu ya maneno. Alasiri mara nyingi hushuka mvua ya radi. Mazungumzo yananoga asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni, ila jioni visubi nao hutoka, kwa hiyo jipake dawa mapema. Saa za katikati zimalizie Penn Center, penye makumbusho. Hapo palikuwa shule iliyofunguliwa mwaka 1862 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinapiganwa. Soma yaliyoandikwa kwenye mbao za maonyesho, usije ukamchosha mzee kwa maswali ambayo jibu lake liko ukutani.

Usiende kubisha hodi kwa mtu asiyekujua. Pitia kanisani au dukani, upate wa kukupeleka. Ukifika, salamu kwanza, shida baadaye. Haya Mswahili hafundishwi. Mama mtu mzima huitwa Miss na jina lake la kwanza, hata akiwa na vitukuu, na mzee wa kiume huitwa Mister vivyo hivyo. Kumwita kwa jina tupu ni utovu wa adabu.

Mkono mtupu haulambwi, basi nunua tikiti maji barabarani, ubebe. Lakini zawadi inayofungua midomo zaidi ni hadithi yako mwenyewe. Wagullah wanaye Sungura wao, mjanja, mdogo wa mwili, anayewageuza wakubwa kichwa chini miguu juu. Tangulia kutoa ya kwako ya Sungura na Fisi. Hata ukiisimulia vibaya si neno: kuna mtu atakukatiza akwambie siyo hivyo, sivyo alivyofanya, na hapo mambo yameanza.

Mwandishi Zora Neale Hurston aliyajua haya kwa shida. Alikulia Eatonville, Florida, akasoma New York, na mwaka 1927 akarudi kwao Florida kukusanya ngano. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba aliuliza kwa lafudhi ya chuoni, na watu wakamjibu kwa upole kwamba hawakumbuki kitu cha namna hiyo. Ilibidi akae, acheke, atie na zake. Matokeo yake ni kitabu Mules and Men cha mwaka 1935.

Maswali yawe madogo, tena yahusu kitu kinachoonekana. Ukimwambia mtu akusimulie maisha yake yote, atakutajia mwaka aliozaliwa kisha anyamaze. Muulize kwa nini dari ya baraza imepakwa rangi ya buluu. Rangi hiyo huwekwa kuzuia mizuka, na swali hilo hukupa kicheko au kisa kirefu cha jini mwanamke anayemkalia mtu kifuani usingizini. Mzanzibari hatakosa la kuongezea hapo. Au muulize anayefuma kimia alifundishwa na nani.

Wasusi wa vikapu ndio ningewaweka mbele ya wote. Masoko yao makubwa yako Mount Pleasant, karibu na Charleston, lakini hata St. Helena utawakuta. Kikapu huanza na fundo dogo katikati, kisha fungu la nyasi huzungushwa na kushonwa juu ya mzunguko uliotangulia kwa ukanda wa jani la palmetto. Kifaa chao ni kijiko kilichokatwa kichwa, mpini ukasuguliwa hadi ukawa bapa na wenye ncha. Mpini hutoboa, ukanda hupita, mkono huvuta. Mzunguko ukienda sawa, maneno nayo yanamiminika. Akifika pa kuunga nyasi mpya, hunyamaza. Kimya hicho usikijaze! Mgeni anayedakia hapo anapoteza nusu ya kisa, kwa sababu mara nyingi sehemu nzito hufuata kiungo kikishakaza. Na ukinunua, usiombe punguzo kubwa. Nyasi zimekuwa adimu tangu nyumba za kifahari zilipofunga njia za pwani.

Swali la kuepuka ni hili: shamba hili ni la nani, na mpaka wake uko wapi? Ardhi nyingi ya huko ilinunuliwa na walioachwa huru, ikarithishwa bila wosia, ikabaki mali ya ukoo mzima. Mrithi mmoja akiuza fungu lake, mnunuzi anaweza kwenda mahakamani kudai ardhi yote iuzwe. Kisiwa cha jirani, Hilton Head, kiliungwa na daraja mwaka 1956, na baada yake zikaja hoteli na viwanja vya gofu. Mgeni mwenye daftari anayeulizia mipaka anaonekana dalali. Wakilianzisha wenyewe, sikiliza tu.

Kurekodi ni kwa ruhusa, na simu inatosha. Zima mtandao, ilaze juu ya kitambaa mbali na feni, maana feni na nyenje humeza sauti. Mwanzoni taja tarehe, mahali, na jina la msimuliaji kama anavyotaka litajwe. Usizime eti kwa sababu huelewi. Mapema miaka ya 1930 mtaalamu wa lugha Lorenzo Dow Turner alimrekodi Amelia Dawley huko Harris Neck, Georgia, akiimba wimbo ambao mwenyewe hakujua maana yake. Ulikuwa wa Kimende, na karibu miaka 60 baadaye watafiti waliukuta ukikumbukwa katika kijiji kimoja cha Sierra Leone, kwenye mambo ya mazishi.

Kabla hujaondoka, uliza nakala ya sauti aipendelee vipi. Kijana atasema itume kwa simu, bibi atataka CD ya kuweka kanisani. Mpelekee ndani ya mwezi. Na akikwambia kisa fulani, tuseme cha mjomba wake, kisitoke hapo, kifute mbele ya macho yake.