Kabla Hujanunua Mashine ya Kutafuta Metali Ziwani

Nikiwa fildi ya ualimu pale Makandana, Tukuyu, vijana sita wa bodaboda waliniita kijiweni. "Mwalimu, ugonile! Wewe si unafundisha fizikia? Njoo utuangalizie mashine." Walikuwa wamechangishana laki nane wanunue diteka iliyotumika. Wazee wa Rungwe husimulia kwamba Wajerumani walitupa silaha na fedha katika Ziwa Masoko wakati wa Vita ya Kwanza, basi vijana walitaka kwenda kupekua kandokando ya maji. Mmoja wao alikuwa ameweka hapo ada ya mdogo wake. Nikaomba siku mbili nisome kwanza. Niliyoyapata ndiyo haya.

Diteka haina uchawi. Umeme unaobadilika kwenye koili hutengeneza uga wa sumaku. Metali ikiwa karibu, mkondo mdogo huzunguka ndani yake na kutengeneza uga wake, nao mashine inaupokea na kulia. Kwa sarafu moja, tegemea sentimita 20 hadi 30 tu. Anayekuuzia kifaa cha antena kinachoonyesha dhahabu iliyo mbali, mkimbie. Uingereza mwaka 2013 James McCormick alifungwa miaka 10 kwa kuuza vifaa vya antena vilivyodaiwa kutambua mabomu, kumbe havikuwa na kitu.

Swali la kwanza ni maji gani. Maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo mashine ya VLF yenye masafa mamoja huchanganyikiwa kwenye mchanga uliolowa wa Dar au Unguja. Huko zinafaa za masafa mengi, kama Minelab Equinox 800, au za mapigo, yaani PI, kama Garrett Sea Hunter. PI inavumilia chumvi, lakini ni dhaifu katika kutenganisha msumari na pete, hivyo utachimba takataka nyingi. Masoko na Nyasa ni maji baridi, kwa hiyo VLF ya masafa mamoja, mfano Garrett AT Pro, inaweza kutosha.

Swali la pili ni udongo. Sisi Rungwe tumekaa juu ya volkano. Udongo wetu una madini ya chuma yenye usumaku, na tope la Masoko ni hivyo hivyo. Mashine isiyo na kitufe cha kusawazisha ardhi italia kila hatua.

Swali la tatu ni kuzuia maji. Mashine nyingi koili yake inaloa bila shida, ila boksi la juu likiingia maji limekufa. AT Pro na Equinox 800 zinazama hadi mita 3. Uliza boksi, usiulize koili peke yake.

Siku ya tatu tukaijaribu nyuma ya nyumba. Nilifukia sarafu ya shilingi 200, ya shilingi 500, msumari na kipande cha kopo la bia, kila kimoja sentimita 10. Ile ya 500 ni chuma kilichopakwa nikeli, kwa hiyo mashine inayokataa chuma inaweza kuiruka. Kopo nalo ni aluminiamu, linaweza kulia kama pete ya dhahabu. Lakini hatukufika huko. Mashine ilianza kulia kabla haijafika kwenye sarafu, ikalia hadi kwenye mgomba. Haikuwa na kitufe cha kusawazisha, na boksi lake lilikuwa na matundu ya spika. Muuzaji akasema betri. Tukaweka mpya, ikazidi.

Liko na la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni kabla ya kutafuta au kuchimba vitu vya kale. Pia kama hadithi ya silaha ni kweli, kinacholia chini ya tope kinaweza kuwa risasi. Nikawaambia wazi: mashine hii hapana, na Masoko hapana bila kibali. Pete iliyopotea jana ufukweni Matema, hiyo mtafutieni mwenyewe kwa malipo.

Mmoja alininunia wiki nzima. Ada ya yule mdogo ililipwa Jumatatu. Mimi nikapata mfano wa kufundishia usumakuumeme Kidato cha Nne, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeuliza, "Mwalimu, hii itatusaidia nini?"