Somo la Wiki: Nani Anaruhusiwa Kufanya Nini?



Ukifungua Wikipedia ya Kiswahili kusoma habari za mji wa bibi yako, ukakuta kosa, je, unaruhusiwa kulisahihisha? Ndiyo. Kamusi elezo hiyo ilianza mwaka 2003, na huandikwa na watu wa kujitolea. Hata hivyo, si kila mtu anaweza kufanya kila jambo.

Msomaji: ni mtu yeyote. Halipi wala hajiandikishi.

Mhariri: hubonyeza "Hariri", husahihisha, kisha huhifadhi. Kurasa nyingi ziko wazi hata kwa asiye na akaunti.

Mtumiaji aliyejiandikisha: ana jina la akaunti na nywila. Michango yake huonekana chini ya jina hilo.

Mkabidhi: anaweza kufuta ukurasa, kuufunga usihaririwe, na kumzuia anayeharibu kwa makusudi. Ukikabidhiwa funguo za nyumba, nyumba haiwi yako; umepewa uitunze. Mkabidhi naye ni hivyohivyo.

Kwa nini kuhariri kuko wazi, lakini kufuta kumeachiwa wachache? Kila badiliko hubaki katika historia ya ukurasa. Ukikosea, mwenzako anaweza kurudisha maandishi ya awali. Ukurasa uliofutwa, msomaji wa kawaida hauoni tena, wala hawezi kuurudisha. Basi kosa linalorekebishika kwa urahisi huachiwa wengi; lisilorekebishika kwa urahisi huwekewa ulinzi.

Kwa hiyo, usijizuie kwa kudhani Kiswahili chako hakitoshi. Anza na herufi moja iliyokosewa.

Zoezi la sarufi
Soma → msomaji. Tumia → mtumiaji. Simamia → msimamizi. Sasa unda majina ya watendaji kutokana na: andika, linda, tunza, jenga. Yapi yanaishia kwa -ji, na yapi kwa -zi?

Zoezi la nyumbani
Pamoja na mzazi, someni ukurasa wa mji mnaotoka. Andikeni daftarini sentensi tatu zinazokosekana. Mpigieni simu bibi au babu mumwulize, kisha tafuteni kitabu au gazeti linalothibitisha, kwa kuwa Wikipedia hutaka chanzo kilichochapishwa.

Kwa wazazi: mtoto akifungua akaunti, asitumie jina lake kamili, wala asiandike shule au anwani ya nyumbani. Nywila mtunze nyinyi.

Leteni madaftari Jumamosi ijayo.